Masasi ya K

Katika Buholo, pale Bukavu, ukiacha soko ya Kadutu mugongoni na kushuka na ile njia ya udongo yenye watu walichimba ngazi kwa jembe, utaona garage moja ambamo gari haijalala hata siku moja. Mulango wake wa bati ni bluu. Juu yake kuliandikwa kwa herufi zenye kusimama vizuri, kama watu wanaongoja misa ianze: ARIANE NANKAFU, GRAPHISTE. Na chini, kwa herufi ndogo: Tunachapa kwa mukono na kwa muguu.

Kwa muguu, sababu mashini yenyewe ilikuwa ya kukanyaga.

Mimi natengeneza miavuli. Bukavu mvua haikosi, kwa hiyo natembea: leo Bagira, kesho Nguba, wiki ingine hadi Kalehe. Nilifikaka hata Kamanyola na Luvungi, lakini kule jua ni kali na miavuli inakaa bila kuharibika. Mbele ya garage ya Ariane kulikuwa na baraza ndogo yenye paa, na yeye hakuwa mutu wa kufukuza mutu. Ndiyo maana habari zake nazijua.

Alizaliwa na maman Rosalie, muuza sambaza, wale samaki wadogo wa ziwa. Baba yake alikwenda kutafuta zahabu upande wa Shabunda wakati mutoto alikuwa bado anatambaa, na pori ya Shabunda ikamumeza. Ariane akakua kati ya mabeseni ya samaki. Mama yake alifungia wateja sambaza katika karatasi za mifuko ya simenti na magazeti ya zamani, na mutoto alikataa kutoa karatasi yenye herufi kubwa.

"Ile hapana, maman. Ile iko na R muzuri."

Maman Rosalie anasimulia hadi leo: "Bateja banasimama na sahani, mutoto anakumbatia gazeti. Nilikosa kuuza juu ya R!"

Tonton yake Benoît, ndugu ya mama, alimulipia masomo ya arts graphiques, kuchora na kupanga maandiko, kule Kinshasa. Alirudi na ordinateur, kompyuta yake, katika sac na miwani kwenye macho, akaanza kufanya kazi kwa ma-ONG, yale mashirika ya musaada. Walikuwa wengi wakati ule. Kila mumoja alitaka bandera, tisheti, kalenda, na alama yake. Na alama ilikuwa ileile: mikono mbili na jua nyuma.

"Muzee," aliniambia siku moja ya mvua, "niko nachora mikono mbili na jua tangu nilirudi. Kiisha nitachora mikono tatu, tuone nani atatambua."

Akachora mikono tatu. Wakubwa wa projet wakatia signature. Wakavalisha watu tisheti, wakapiga picha, wakatoa hotuba. Hakuna mutu aliyehesabu mikono. Ariane alicheka mpaka akakaa chini, lakini niliona pia kwamba kile kicheko kilimuachia kitu kibaya mudomoni.

Kisha paruasi moja ya mujini ikamwita aje kupiga picha mashini ya zamani, wapate kuiuza kwa watu wa vyuma. Mashini ilikuwa katika chumba nyuma ya nyumba ya mapadri. Minerve, ndiyo jina yake: gurudumu kubwa ubavuni, muguu wa kukanyaga chini, na mudomo unaofunguka na kufunga kama wa mamba. Mapadri wazungu waliichapishia katekisimu na vitabu vya nyimbo. Pembeni kulikuwa makabati yenye droo nyembamba, na katika droo vyumba vidogo-vidogo, na katika vyumba herufi za plomb, ile chuma laini na nzito, kila moja fimbo ndogo yenye herufi kichwani, imegeuka kama inavyoonekana katika kioo.

Na kwenye kiti alikuwa papa Adalbert Kulondwa.

Alikuwa muchapaji pale tangu ujana wake. Kazi ilikufa, wakamuachia ufunguo na kumusahau, na yeye akaendelea kuja kila asubuhi kupangusa vumbi. Masikio yake yalikuwa yamechoka, ukimusemesha lazima upige kelele, na yeye anajibu kile alichosikia, si kile ulichosema.

"Papa, nimekuja kupiga picha!"

"Chika? Hapa hakuna mutu wa kuitwa Chika."

Alimuonyesha kazi. Alichukua herufi moja-moja bila kuangalia, akapanga jina la Ariane katika chuma kidogo cha kushikia mukononi, akakaza, akapaka wino, akakanyaga. Karatasi ikatoka. Halafu akaigeuza nyuma, akashika kidole cha binti na kukipitisha pale.

"Unasikia?"

Nyuma ya karatasi jina lilikuwa limebonyea. Mutu asiyeona angeweza kulisoma.

"Ordinateur yenu inapaka karatasi poda," muzee akasema. "Hii inaiuma."

Ariane hakupiga picha. Aliwaendea mapadri akawaambia yeye ndiye mununuzi. Vijana wa kubeba walishusha ile minerve Buholo kwa kamba, na papa Adalbert nyuma yao anapiga kelele "Polepole, iko na mimba!", na tangu siku ile kiti chake kilihamia katika garage ya bluu.

Hapo ilianza miaka yake mizuri. Si kwamba alitajirika. Lakini SNEL inakata umeme bila kuaga, na wakati mitambo ya watu wa photocopie inanyamaza muji muzima, muguu wa Ariane unaendelea. Bibi arusi wa Jumamosi anakuja anakimbia Alhamisi, analia, na anarudi na mialiko yake. Ikafika wakati wenye pesa wa Nguba wanataka mwaliko wa kubonyea, sababu kidole kinausikia. Ariane alianza kukataa mikono mbili na jua. Alisema hii ndiyo kazi aliyoitafuta tangu karatasi za sambaza.

Sasa lazima nieleze maneno mawili, sababu mengine yote yalitoka pale.

La kwanza. Plomb, kwa Kiswahili chetu, wachapaji wa zamani hawakuipatia jina lingine. Ile ya kuyeyusha na kufanya masasi, risasi za bunduki, ni ileile ya kufanya herufi, basi nao waliita herufi masasi. "Leta masasi ya A." "Masasi ya M imeanguka chini." Papa Adalbert aliisema hivyo maisha yake yote, na Ariane akaizoea, na mimi pia barazani.

La pili ni K. Zile herufi zilitoka Ulaya, kwa watu wa Kifaransa. Mufaransa hana kazi na K. Katika droo yake anawekewa E nyingi kama mchanga, na K kidogo tu, za kuandika kilo na kilomita. W vilevile. Ukitaka kuchapa kwa Kiswahili au kwa Mashi, W unaweza kuidanganya, unasimamisha V mbili karibu-karibu. Lakini K haina udanganyifu.

"Na hii inchi," alisema papa Adalbert, "Mungu alipandaka K tu! Kivu, K. Bukavu, K. Kadutu, Kalehe, Kamanyola, K, K, K. Kuzaliwa, K. Kuoa, K. Kufa, K. Mufaransa anakufa bila K, mushenzi ule."

Basi mualiko wa arusi ya Kiswahili ulikuwa vita. Walibadilisha maneno. Walikwepa "karibu". Siku moja walimuomba bwana arusi aitwaye Kakuku atumie jina la ubatizo peke yake, akakasirika akaondoka. Jioni ile, papa Adalbert alitoa tamuko lake, lile alilolirudilia kila mara:

"Ariane, mwanangu. Siku nitakufa, usinizike na ordinateur. Faire-part ya kutangaza kifo changu ipangwe kwa mukono, na masasi. Na Kulondwa iko na K, ujue. Uniwekee K yangu pembeni."

"Nitakuwekea, papa."

"Eh?"

"NITAKUWEKEA!"

Hiyo ndiyo ahadi. Aliitoa huku anacheka.

Mwaka wa 2025, mwezi wa pili, wenye silaha wa kwanza walitoka mujini na wengine wakaingia. Kati ya kutoka na kuingia, maduka yaliporwa, watu wakalala chini ya vitanda. Garage ya bluu haikuguswa. Nani aibe chuma cha kuinuliwa na watu sita? Lakini ma-ONG walifunga milango, mabenki vilevile, arusi zikawa za kimya, bila mialiko. Ordinateur ya Ariane ikakaa kama sahani tupu. Kilichobaki ni kitu kimoja: sista mumoja, Adélaïde, mwalimu wa shule ya msingi, alimuomba kitabu kidogo cha watoto cha kujifunzia kusoma. Kwa Kiswahili cha hapa, na karatasi sista mwenyewe alikuwa nayo.

Sikumuona Ariane amefurahi vile. Kitabu! Hakuchapa kitabu tangu azaliwe. Alichora kila ukurasa mwenyewe, herufi moja kwa ukurasa moja, na maneno yake chini. A ikaenda, B ikaenda. Walipanga hadi J. Kisha wakafika kwenye K: kuku, kaka, kiko, kikapu, kikombe.

Papa Adalbert alimwaga K zote mezani, akazihesabu, akavua kofia.

"Tuko na K za kuku mbili na mukia wa ya tatu."

"Tuweke kuku mumoja tu, papa."

"Kitabu cha watoto ba Kivu, na K moja? Haya tena." Akafikiri. Kisha akasema kule Kalehe, kwenye misheni ya zamani, kulikuwa mashini ndogo iliyokufa kabla ya hii. Padri wa pale, muzungu mwenye hasira, aliandikia kwao mara kwa mara kuomba K hadi wakamutumia paketi nzima. Labda zingali. "Nitaenda."

"Hapana, papa. Njia iko mubaya. Barrière za askari kila fasi."

"Barrière itanifanya nini? Niko muzee, sina kitu."

Mimi nilikuwa natazamia kwenda Kalehe na miavuli. Tukaenda pamoja kwa mutumbwi wa moteri, na misheni tukapata mulinzi aliyetufungulia stoo. Zilikuwepo. Paketi za karatasi ya kahawia, nzito kama mutoto, hazijafunguliwa. K kubwa, k ndogo. Papa Adalbert alipasua moja, akamwaga kiganjani, akaziangalia jinsi mutu anaangalia mahindi baada ya njaa.

Mutumbwi wa kurudi ulikosa mafuta. Tukapanda moto, pikipiki ya Glody, kijana wa Kalehe, sisi watatu: Glody mbele, papa Adalbert katikati na sac magotini, mimi nyuma na miavuli. Tulipita barrière ya kwanza na ya pili bila neno. Katika ya tatu askari walitushusha chini.

Askari alikuwa kijana mwenye sauti ya mafua. Alipiga sac kwa muguu, akasikia uzito.

"Muzee, iko nini humu?"

"Masasi tu, mwanangu."

Glody alizima moteri. Nilisikia ndege mu miti.

"Unasema?"

"Masasi. Masasi ya K." Na alikuwa anatabasamu, sababu furaha ilikuwa haijamutoka. "Ziko mingi, Mungu asifiwe."

"Ya K? Ya bunduki, ya Kalach?"

"Eeh, mwanangu! Ya Kalehe!"

Nilipiga kelele, "Afande, hasikii! Ni herufi, ni za kuandika!" Mwingine aliniwekea mudomo wa bunduki kifuani akaniambia nitaongea siku nitaulizwa. Walifungua sac. Walipoona fimbo ndogo za plomb, zote na alama moja kichwani na imegeuka, yule wa mafua akamwita mwenzake.

"Tazama. Hii ni code ya siri."

Papa Adalbert aliweza tu kuona midomo yao. Walipomufunga mikono aliniangalia mimi, si wao, na kuuliza kwa sauti ile kubwa ya viziwi: "Banataka nini? Banataka K ya nini, bao?"

Sisi wawili wakatuambia tuondoke kabla hawajabadilisha mawazo. Nilifika Buholo nimelowa, na sikuweza kumalizia neno la kwanza. Ariane aliona miavuli, akaona niko peke yangu.

"Papa iko wapi?"

Walimuhamishia mujini, katika nyumba moja ya mutu aliyekimbia, yenye walifanya kambi. Ariane alizunguka siku nyingi. Alikwenda kwa mapadri, wakaandika barua. Alikwenda kwa mukubwa wa quartier, wa mutaa wetu, akaambiwa: "Dada, masasi? Usiniletee hiyo neno mu nyumba." Lucie, binti ya papa Adalbert, mwenye kuuza dawa Nyawera, alilia mulangoni pa ile nyumba hadi sauti ikakauka, na alichopata ni habari moja tu kutoka kwa mupishi: muzee anakohoa, na miguu yake haikanyagi tena.

Ndipo Ariane akasema kama hawajui herufi ni nini, atawaonyesha. Alifunga katika kitambaa ile chuma ya kushikia mukononi, wino, karatasi, na droo moja ya herufi. Mimi nilibeba droo. Kule mulangoni askari walitupokonya simu, wakatuingiza.

Commandant alikuwa mutu mupole kwa kuangalia, kucha safi, Kiswahili chake si cha kwetu. Mezani mbele yake kulikuwa paketi za kahawia.

"Wewe ndiye mwenye risasi?"

"Niko graphiste, afande."

"Graphiste ndiyo kitu gani?"

"Napanga maandiko. Hizi ni maandiko. Sisi tunaita masasi sababu iko plomb. Ni mazoea tu ya kazi."

"Basi mazoea mabaya." Alichukua herufi moja, akaiweka karibu na jicho. "Haisomeki."

"Inasomeka ikigonga karatasi. Nipatie neno lolote."

Akafikiri, akacheka kidogo, akataja jina lake. Sitaliandika. Lilikuwa na K mbili. K za droo yetu zilibaki nyumbani, mezani pale papa Adalbert alizimwaga. Ariane alisimama, kisha akanyoosha mukono mezani, akachomoa K mbili kutoka katika paketi ya Kalehe. Akapanga, akapaka wino, akaweka karatasi, akasukuma kwa kiganja na uzito wake wote.

Commandant aliangalia jina lake. Akageuza karatasi. Kidole chake kikapita nyuma, pale pale kidole cha kila mutu kinapita.

"Nzuri," akasema. "Nzuri sana. Muzee wako alisema ukweli."

Ariane akafunga macho.

"Lakini plomb ni plomb, dada. Leo ni jina langu, kesho mutu anawasha moto na kuyeyusha. Mimi siwezi kuacha kitu cha namna hii katika muji. Una nyingi?"

"Ziko za kazi, afande."

"Leta zote. Zote, nitatuma mutu kuangalia. Halafu chukua muzee."

Tulipofika garage, maman Rosalie alikuwa amekaa kwenye ngazi. Alisikiliza yote, akapangusa mikono yake ya samaki kwenye kikwembe.

"Bon. Unangoja nini?"

"Maman, ni kazi yangu yote. Na nilimuahidia..."

"Ulimuahidia maziko. Yeye iko mu maisha bado. Mutu ni mutu, Ariane."

"Najua, maman."

"Basi usikae kama hujui."

Kurasa za kitabu, A hadi J, zilikuwa zimepangwa tayari, zimefungwa kwa uzi. Alizikata nyuzi. Halafu nilishangaa: hakumwaga droo katika mifuko. Alichukua karatasi, akafunga kila herufi peke yake, A na A, B na B, akaandika juu ya kila paketi. Labda aliwaza siku moja zitarudi. Nilimusaidia, na Lucie vilevile.

Kule kambini askari aliweka gunia chini. Akapasua paketi ya kwanza na kuimwaga ndani. Ya pili. Ya tatu. Kwa wachapaji, herufi zikichanganyika inaitwa pâté, na ni msiba. Droo moja ikianguka, mutu anaweza kulia. Hapa zilianguka zote, na sauti yake ilikuwa ya mvua kwenye bati. Ariane alisimama akasikiliza hadi ya mwisho.

Ndipo wakamutoa papa Adalbert. Wawili walimushika chini ya makwapa.

Walimulalisha kwa Lucie. Nyayo zake sitazielezea. Kikohozi kilikuwa kimeshuka ndani, na daktari alisema maneno ambayo wote tulielewa bila kuelewa. Ariane alikuja kila siku na supu ya sambaza. Siku nne-tano muzee alilala tu. Kisha, asubuhi moja, akapiga kelele yake ya zamani, lakini ndogo:

"Ariane. Masasi ilibaki?"

Alitikisa kichwa.

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo, papa."

"Ulitoa zote juu yangu." Akageukia ukuta. "Hesabu mubaya, mwanangu. Mimi nilikuwa tayari mwisho wa mustari."

Ariane alimufunika blanketi. Baada ya muda muzee akarudi upande wetu.

"Na zile K za Kalehe? Hata mara moja hatukuzitumia."

Niliona Ariane anatafuta kitu cha kuangalia.

"Tulizitumia, papa!" akasema karibu na sikio lake. "Mara moja!"

"Mulichapa nini?"

"KUKU!"

Muzee akacheka. Kicheko kikawa kikohozi, kikohozi kikawa kirefu. "Kuku," akasema. "Muzuri. Ilitoka safi?"

"Safi kabisa, papa."

Alikufa mvua za mwezi wa tisa zilipoanza. Lucie alitaka faire-part kama ya watu wote: picha ya rangi, maua pembeni, ya ordinateur, na kijana wa photocopie alikuwa tayari ameweka muzee katikati ya mawingu. Ariane alimushika mukono.

"Lucie, nakuomba. Nilimuahidia."

"Na nini, dada? Uko na nini?"

Alikuwa na kartoni moja juu ya kabati. Askari aliyekuja kuangalia aliipitia akaiacha, sababu haikuwa plomb. Zilikuwa herufi za muti, kubwa kama kiganja, za matangazo ya zamani ya mupira na ya jubilei. Moja-moja, na nyingi zimepotea. Kulikuwa A moja, D moja, L moja. Ariane akasema itatosha. Ukikosa A ya pili, unachapa, unahamisha A, unapitisha karatasi ileile tena. Ukikosa W, unapindua M kichwa chini. K ndiyo haikuwepo. Naam, hata kwa muti, K haikuwepo.

Alipata kipande cha muti wa grévillea kwa seremala, akachukua kisu, akakaa kwenye kile kiti cha papa Adalbert na kuchonga. Mimi nilikuwa barazani na mwavuli wa mutu magotini. Alichonga polepole, ulimi kati ya meno. Alikuwa hajalala vizuri tangu wiki nyingi. Akaipangusa, akaifunga kati ya zingine, akapaka wino, akakanyaga. Gurudumu likazunguka. Akapitisha karatasi tena na tena, A baada ya A. Ikatoka faire-part ya kwanza: jina tu, ADALBERT KULONDWA, jeusi, limebonyea hadi nyuma.

Lucie aliichukua. Akainamisha kichwa upande.

"Dada Ariane... K imegeuka."

Ilikuwa kweli. K ilikuwa imezipatia mugongo herufi zinazoifuata, inaangalia Adalbert. Kwa herufi ya kuchapa unachonga kinyume, ndiyo itoke sawa. Yeye aliichonga sawa. Mwanamuke aliyesoma kinyume miaka yote ile, kama wewe unavyosoma hii, alichonga K jinsi mutoto wa shule anaiandika.

Ariane aliangalia karatasi. Kisu kilikuwa mezani, na kipande cha muti kilikuwa kimebaki. Nilidhani atachonga ingine.

"Hii ndiyo K iko," akasema. Akarudisha muguu kwenye chuma, akakanyaga.

Kwenye maziko watu walipitisha zile karatasi. Mukwe mumoja wa Lucie alisema kwa sauti: "Graphiste gani huyu, hajui hata K?" na wawili-watatu wakacheka. Ariane alikuwa amesimama karibu, alisikia. Padri, mumoja wa wale waliouza mashini, alikuwa na yake mukononi, na nilimuona kidole chake kinapita nyuma.

Ile masasi, sijui ilikwenda wapi. Kuna wanaosema waliiuza kwa watu wa betri. Wengine wanasema ilibakia masasi, ya bunduki sasa. Mimi sikuuliza.

Ariane sasa anafanya kazi Nyawera, kwa yule kijana wa photocopie, anaweka wafu katikati ya mawingu. Wako wengi, kazi haikosi. Sista Adélaïde alichukua karatasi zake bila kitabu. Mulango wa bluu ungali, na maandiko yake, lakini ndani maman Rosalie anahifadhi mabeseni, na juu ya minerve anaanika karatasi za kufungia sambaza. Nilipita pale wiki iliyopita, mvua imenikamata. Nikasimama barazani. Maman Rosalie alikuwa anapanga karatasi zake, akafika kwenye gazeti moja yenye herufi kubwa, akaiangalia, na kuiweka pembeni peke yake.

"Ile unaiacha?" nikamuuliza.

"Iko na R muzuri," akasema. "Nitamupelekea. Hataichukua, lakini nitamupelekea."